Nyumba yetu ilikuwa ya kunong'ona, ndiyo maana natunga kwa piano

Mheshimiwa Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Katuba. Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua, na naomba pia uvumilivu wenu, maana barua hii ni ndefu na sitaki ikatwe katikati.

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aliwaandikia juu ya ile jioni ya mwezi wa nane nilipopiga vipande vyangu saba vya piano. Aliandika kwa heshima, nami namjibu kwa heshima ile ile. Anasema nilitangaza kwamba vipande hivyo vimezaliwa katika nyumba ya wazazi wangu, kampi ya wafanyakazi wa shaba. Yeye naye amekulia kampi, akaja na hamu ya kuisikia, akarudi mikono mitupu. Hakusikia king'ora. Hakusikia treni, wala ngoma, wala mtu kuimba. Anauliza nani kampi alikuwa na piano. Na anasema muziki usio na neno hata moja, tena wa chombo kilicholetwa na wageni, hauwezi kubeba nyumbani.

Swali la piano nalijibu upesi: hakuna aliyekuwa nayo. Mimi ya kwanza niliigusa mwaka 1975, nina miaka kumi na moja, shuleni kwa masista, ikiwa imefunikwa shuka jeupe kama kitanda cha mgeni. Lakini hilo la nyumbani kusikika au kutosikika siwezi kulijibu bila kumkaribisha ndugu yangu ndani.

Baba aliajiriwa tanuruni mwaka 1958, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville. Tanuru la shaba halizimwi jioni likawashwa asubuhi kama babula, lile jiko la makaa. Likipoa, mawe yaliyoyeyuka yanaganda ndani na kazi inaharibika, kwa hiyo watu wanapokezana usiku na mchana. Baba alikuwa na zamu tatu: wiki ya asubuhi, wiki ya mchana, wiki ya usiku, kisha mzunguko unaanza upya. Wiki ya usiku aliingia saa nne za usiku na kutoka saa kumi na mbili za asubuhi. Maana yake ni kwamba alilala wakati sisi watoto sita tuko macho, katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili na baraza.

Akifika, mama alikuwa ameshamwekea beseni ya maji nyuma ya nyumba. Alioga, akala bukari, yaani ugali, bila maneno mengi, akaingia chumbani. Hapo mama alichukua kikwembe chake cha bluu, kitenge kile chenye ndege, akakitundika dirishani kwenye misumari miwili aliyoipigilia yeye mwenyewe. Mwanga ukipita kwenye kikwembe hicho chumba kizima kiligeuka bluu, hata uso wa baba. Tangu dakika ile mpaka saa nane za mchana, nyumba ilinong'ona.

Hamtaamini jinsi watoto sita wanavyoweza kujifunza kunyamaza. Ndoo hatukuitua sakafuni, tuliitua juu ya gunia lililokunjwa. Sahani mama aliziosha moja moja na kuzilaza juu ya tambara. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa na bawaba inayolia, na yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alitufundisha kuufungua: unaunyanyua kwanza kwa mikono miwili, kidogo tu, kama unavyonyanyua mtoto aliyelala, halafu ndiyo unausukuma. Ukisahau kuunyanyua, unalia. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu naushika mlango kwa mikono miwili.

Na kinu. Sombe, majani ya muhogo, haipondwi kimya kimya, kila mtu anajua. Basi wanawake wa mstari wetu walikuwa wamepatana: wale ambao waume zao wako zamu ya usiku walibeba majani yao, wakaenda kupondea kwa mwenzao ambaye mume wake yuko kazini mchana, nyumba ya sita au ya saba kutoka kwetu. Wiki nyingine kinu kilihamia upande mwingine. Kwa hiyo sauti ya kinu katika utoto wangu ni sauti ya mbali. Ya karibu siijui vizuri. Naijua ile inayokuja kwa kupita juu ya kuta za watu, imeshapungua makali, imebaki mdundo tu.

Ndugu yangu anakumbuka kampi ya makelele, na anakumbuka sawasawa. Ilikuwa na makelele. Lakini apige hesabu ya zamu tatu: tangu asubuhi mpaka saa nane za mchana, pale ambapo wanaume wote ni wa tanuru, nyumba moja katika kila tatu ilikuwa na mtu amelala ndani. Huenda kwao baba alifanya kazi ya ofisini. Mimi nilikulia katika ile moja ya tatu, na hiyo ndiyo niliyoandika.

Sikuijua mara moja. Nilihangaika miaka mingi nikitunga kampi anayoitaka yeye. Nilianza na king'ora, kwa sababu kila mtu akitaja kampi anataja king'ora. Nilikaa na king'ora hicho msimu mzima wa mvua. Tatizo ni hili: king'ora kinapanda kwa kuteleza, hakina ngazi, na piano ina ngazi tu. Ina vibao 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na kati ya kibao na kibao hakuna kitu. Violini ingeweza, tromboni ingeweza. Piano ukitaka ipande kama king'ora inabidi uburute kucha juu ya vibao vyote, na inatoka sauti ya mtu aliyemwaga misumari kwenye sinia. Niliandika hivyo, nikampigia binti yangu, akasema, «Mama, hii ni ya katuni.» Alikuwa na haki. Treni nayo niliijaribu kwa mkono wa kushoto. Mvua juu ya bati sikuijaribu. Kila anayetunga juu ya nyumbani anaanza na mvua juu ya bati, na mvua hiyo inanyesha sawa kwa watu wote.

Mlango ulifunguka kwa njia nisiyoitegemea. Piano yangu ni ya kusimama, ya zamani, niliinunua mwaka 2006 kutoka kwa familia iliyokuwa inahama, ikaletwa Katuba juu ya mkokoteni, vijana sita wakisukuma na mimi nikitembea pembeni nimeishika kama mgonjwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni sentineli, analinda duka mjini usiku. Siku moja mke wake alikuja mlangoni, akakaa, tukasalimiana vizuri, akauliza habari za watoto wote, na mwisho akasema kwa sauti ndogo, «Mama mwalimu, usikasirike, mwenzangu halali.»

Sikukasirika. Niliona haya. Mimi, mtoto wa mtu wa tanuru, niliwezaje kusahau?

Piano nyingi za kusimama zina pedali tatu. Ile ya katikati, ukiikanyaga, inashusha ukanda mrefu wa kitambaa kizito cha sufu mbele ya nyuzi, na nyundo ndogo za ndani zinapiga kitambaa badala ya kupiga uzi wenyewe. Waliotengeneza waliiweka kwa ajili ya mazoezi, jirani apate kulala. Unaikanyaga, unaisogeza kushoto, inakwama hapo yenyewe. Nilikuwa sijaitumia hata siku moja. Mchana ule niliikanyaga, nikafungua kifuniko cha juu kuangalia inavyofanya kazi, nikaona kitambaa kinashuka. Kinashuka taratibu, kinaziba nyuzi kutoka upande huu mpaka upande huu. Mama alikuwa anatundika kikwembe.

Nilipiga noti moja, ile iitwayo «la», ya katikati. Ikatoka na ukungu, bila makali, kama imepita juu ya kuta sita za watu. Nilikaa pale na kulia, kisha nikachukua karatasi. Kipande cha kwanza kilikamilika kwa siku nne, mimi ambaye nilikuwa nimeshindwa na king'ora kwa miezi.

Kwa hiyo namwambia ndugu yangu: sikuichagua piano kwa sababu ni ya wageni au ya masista. Niliichagua kwa sababu ya jina lake. Fundi aliyeibuni, Bartolomeo Cristofori wa Firenze, kule Italia, karibu mwaka 1700, alikuwa anatafuta kinanda ambacho kidole kikigusa polepole kinasikika polepole, na kikigusa kwa nguvu kinasikika kwa nguvu. Vinanda vya nyuzi vilivyotangulia, ambavyo uzi unadonolewa, havikuweza. Ukigusa kwa hasira au kwa huruma, sauti ni ile ile. Chake kiliitwa chenye piano na forte, yaani chenye sauti ndogo na sauti kubwa, na watu walipochoka na jina refu wakabaki na neno la kwanza. Hilo neno la kwanza ndilo la sauti ndogo. Chombo kizima, na ukubwa wake wote ule, kinaitwa kwa kunong'ona kwake. Mnataka niitungie nyumba yetu kwa chombo gani kingine?

Juu ya ugeni wa chombo nina neno jingine. Gitaa nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo, na leo hakuna mtu wa Katanga anayeliita la wageni. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa anakuja kwetu wiki za mchana, jioni, baba akiwa kazini, na alipiga kwa mtindo wa Jean Bosco Mwenda. Wazee wanamkumbuka Mwenda: amezaliwa 1930, na mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na sahani zile za santuri zikazunguka dunia. Kilichomshangaza kila mtu ni kwamba alipiga kwa vidole viwili. Gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene, linarudi, linatembea. Kidole cha shahada kinaimba juu. Na kwa kuwa ni viwili tu, haviwezi kuwa mahali pawili kila wakati, hivyo wimbo unachelewa kidogo, unadokoa, unapata ule mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani bila kuushika.

Kipande changu cha nne ni mjomba huyo. Nilipokipiga kwa vidole vyangu vyote vitano kilitoka laini mno, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Basi nilichukua utepe nikafunga vidole vitatu vya mkono wa kulia, nikabakiza gumba na shahada, nikajifunza upya kama mtoto. Wiki mbili. Nilipofungua utepe niliandika kwenye karatasi ya noti, juu kabisa: vidole viwili tu, vingine vikunjwe. Mwanafunzi wangu mmoja anakipiga vizuri kuliko mimi, kwa sababu baba yake ana gitaa.

Wala si mimi wa kwanza kufikiri hivi. Mnigeria Akin Euba alitumia maisha yake kutafuta namna piano inavyoweza kusema kama ngoma na marimba zetu, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana aliandika vipande vya piano kwa ajili ya wanafunzi kwa nia hiyo hiyo. Nchini kwetu, Ray Lema alijifunza vinanda seminarini, na hakuna aliyemwambia kwamba ameacha kuwa Mkongo. Na hapa mjini tulikuwa na Joseph Kiwele, mpiga ogani na mtunzi, ambaye kwenye misa alileta nyimbo za watu wa huku. Nikimtaja Kiwele mbele ya vijana wa kwaya wengi hawamjui, na hilo linaniuma kuliko barua yoyote.

Sasa nije kwenye neno zito zaidi, la maneno. Ndugu yangu anataka wimbo uwe na maneno. Katika wiki ya usiku nyumba yetu haikuwa na maneno. Mama alisema kwa mikono. Kidole kwenye mdomo, hiyo kila mtu anaijua. Lakini alikuwa na nyingine nyingi. Kiganja kikigeuzwa juu chini: geuza mboga. Vidole viwili vikitembea hewani: nenda robine, kuna zamu yetu ya maji. Akigusa sikio lake na kuangalia chumbani: msikilizeni baba anavyopumua, bado amelala sana, mnaweza kucheza kidogo. Nikimtilia mama huyu maneno mdomoni ndipo nitakuwa nimemdanganya. Wimbo wenye maneno ungesema tuliteseka, au ungesema tulifurahi, na sisi hatukuwa tunasema kitu. Tulikuwa tunasikiliza.

Wiki ya asubuhi ilikuwa na maneno, ndiyo, na hapo nimeyaweka kwa njia yangu. Jioni mama alituita kutoka barazani. Mama alikuwa Muluba, na Kiluba ni lugha ya kupanda na kushuka. Neno likibadilisha mwinuko linaweza kubadilisha maana, ndiyo maana wazee waliweza kusema kwa ngoma ya mti. Kiswahili chetu hakifanyi hivyo, kinakanyaga silabi ya kabla ya mwisho na kuendelea na safari. Mama alituita kwa Kiswahili lakini kwa mwinuko wa Kiluba. Jina la kaka yangu lina silabi tatu, na alilipiga chini, juu, chini, na ile ya mwisho aliivuta mpaka kaka atokee nyuma ya kichuguu. Mwalimu wangu, sista mmoja mzee, alikuwa amenieleza habari za mtunzi wa Moravia, Leoš Janáček, aliyetembea na daftari akiandika kwa noti jinsi watu wanavyosema njiani na sokoni. Nilicheka wakati ule. Nilipofika miaka hamsini nilikaa na daftari nikaandika miito ya mama, wa kila mtoto, sita yote. Wa kwangu ni mi, sol, mi, na mi ya mwisho si sawa na ya kwanza, ni chini kidogo, mahali ambapo piano haina kibao. Nimeandika re-dizi, kibao cheusi kinachofuata chini ya mi, na kuiacha iwe uongo mdogo. Kipande cha pili hakina kitu kingine ila miito hiyo sita ikipokezana. Yaya wangu alipokisikia kwa simu, yuko Kolwezi, aliitika.

Mwaka jana nilirudi kuiona nyumba. Wanaoishi pale leo walinipokea vizuri, wakanipa kiti, wakaniacha nizunguke. Chumba cha baba ni hatua zangu nne kwa tatu. Mlango ni wa chuma sasa. Dirisha limepanuliwa. Nilimwomba mama mwenye nyumba ruhusa nikapiga makofi mara moja katikati ya chumba, na sauti ikafa pale pale, kavu, haikurudi. Kuta ziko karibu mno na dari ni ya chini. Nilikuwa nimekiandika kipande cha mlango kwa kukanyaga pedali ya kulia, ile inayoacha nyuzi ziendelee kulia, kwa hiyo kilisikika kama kanisa. Nyumba yetu haikuwa kanisa. Nilirudi Katuba jioni ile ile, nikafuta alama zote za pedali kwa kifutio, karatasi tatu.

Nina jambo la kukiri kuhusu jioni ile ya mwezi wa nane. Kipande cha tatu, «Kinu cha mbali», kinaanza kwa mkono wa kushoto peke yake: noti mbili za chini, la na mi, michi mitatu ikipokezana katika kinu kimoja, na zaidi ya dakika nzima hakuna kitu kingine. Kimeandikwa kipigwe kwa sauti ndogo kuliko zote anazoweza mpigaji. Usiku ule umeme ulikatika saa moja kabla, jenereta ikawashwa uani, na viti niliviacha vimepangwa kama vya mkutano, vya nyuma vikiwa mbali sana. Ndugu yangu anasema alikaa nyuma karibu na mlango. Basi kinu hakukisikia. Haikuwezekana akisikie. Hilo ni kosa langu, nilipaswa kuwasogeza watu wakae karibu na piano kama tunavyokaa kuzunguka babula mwezi wa sita. Ulikuwa pia ukame, na msimu huo ubao wa sauti wa piano unakauka, nyuzi zinalegea, noti zinashuka. Yangu huwa naiwekea chupa ya maji wazi chini, ndani ya kabati lake, isipasuke, lakini ile ya ukumbini haikuwekewa kitu, na baadhi ya noti zake za juu zilikuwa zimechoka. Kwa hayo mawili namwomba radhi kwa moyo wote, maana alitoka Kenya kwa miguu.

Lakini cha saba naamini alikisikia, kwa sababu kila mtu alikisikia. Nieleze kilichokuwemo, kama hakuelewa. Saa nane za mchana baba aliamka. Hakuita. Alikohoa mara mbili, kisha akagonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole: ko, ko. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Mama aliingia, akakichukua kikwembe, mwanga mweupe ukaingia, na sisi sita tulipasuka wote kwa wakati mmoja, kila mtu na habari yake ya tangu asubuhi, mwingine ameanguka, mwingine amepata jiwe la kijani la malakiti, mwingine anamshitaki mwenzake, na baba amekaa ukingoni mwa kitanda, macho bado mekundu, anasikiliza wote. Katika kipande cha saba mpigaji anacheza kurasa mbili na kitambaa kimeshushwa. Halafu anasimama, anagonga mbao ya piano kwa kidole chake, mara mbili. Anaiachia pedali. Kisha anapiga kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, miito sita ya mama kwa pamoja. Ni mara moja tu katika vipande vyote saba ambapo piano inapigwa kwa nguvu. Pale ukumbini watoto waliokaa mbele walianza kuongea papo hapo, wazazi wao wakawanyamazisha. Nilitamani kuwaambia wawaache.

Baba alifariki mwaka 1999. Hakuwahi kunisikia nikipiga ila harmoniamu ya parokia, na alipenda kukaa upande wa kushoto, karibu na mivukuto ya hewa.

Ndugu yangu wa Kenya, kama Mhariri ataichapa barua hii, nakuomba uje nyumbani. Kila Jumamosi niko. Ukivuka soko la Katuba uliza mama mwalimu wa piano, watakuleta. Nitakuwekea kiti ubavuni mwa piano, upande wa noti za chini, nikupigie «Kinu cha mbali» bila jenereta. Usije tu na haraka. Ukifika kabla ya saa nane utakuta pedali ya katikati imeshushwa, kwa maana jirani atakuwa bado amelala. Tutakunywa chai kwanza, tuongee kwa sauti ndogo, mpaka tusikie mlango wake.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa muziki,
Katuba, Lubumbashi